Dawa kwa Aliyetekwa na Dawa: Mjadala

Miongoni mwa masuala yanayowagawanya watu wa nyumba moja katika miji ya pwani yetu, tangu Tanga na Unguja hata Mombasa na Malindi, sijui lililo zito kuliko hili: kijana aliyetekwa na unga wa heroini, akachoka na utumwa wake, akataka kutoka, je, ni halali na ni busara apewe dawa nyingine ya ukoo ule ule, ainywe kila siku mbele ya muuguzi, pengine kwa miaka mingi, au aachwe apambane na arosto yake kwa subira, kwa dua na kwa msaada wa wenziwe, mpaka mwili utakate? Wazee waliotutangulia hawakuulizwa suala hili, kwa kuwa unga wenyewe ulikuwa haujafika barazani kwao; ulianza kuenea kwetu katika miaka ya 1980, na hata leo huteremka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, kama ilivyodhihiri Aprili 2014, manowari ya Australia ilipokamata kilo 1,032 za heroini ndani ya chombo kimoja mashariki ya Mombasa.

Dawa inayobishaniwa ni methadoni. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011. Unguja ikafuata mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Na Kenya ilianza takriban wakati huo huo, ikiwamo Malindi. Tangu hapo mabaraza hayajatulia. Sauti nitakazozipanga hapa si za watu mahususi, bali ni hoja ambazo mkaazi yeyote wa pwani amezisikia zikisemwa kwa uchungu, nami nimezipa vinywa ili zijibizane: Maalimu, mwenye chuo cha Kurani na khatibu wa Ijumaa, Muuguzi wa kliniki ya methadoni, Kijana wa Soba, aliyeacha unga pasipo dawa yoyote na ambaye sasa huwasimamia wengine katika soba hausi, Bi Mkubwa, mama wa mgonjwa, na Karani mstaafu, mtu wa Moshi aliyehamia visiwani zamani. Mimi nitaingia pale tu ambapo kunyamaza kutakuwa ni kuificha rai yangu.

MAALIMU: Sikuja kuwalaani wagonjwa, maana nimewasalia wengi wao jeneza wakiwa hawajatimiza miaka thelathini, na kila nilipoinua mikono kuwaombea nilijiuliza sisi tulikuwa wapi. Lakini nina shaka, na shaka haifai kumezwa. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu hakuuwekea umma huu shifaa katika alichokiharimisha. Na methadoni hii, kwa maelezo ya matabibu wenyewe, ni ya jamii moja na kasumba. Fauka ya hayo, naona kumtoa mtu katika shimo la kusini na kumteremsha katika shimo la kaskazini, hata likiwa na ngazi na taa, si kumtoa shimoni. Toba ina masharti yake, na mojawapo ni mtu kujing'oa katika kosa, wala si kulipunguza kwa kipimo.

MUUGUZI: Maalimu, nianze na saa, kwa sababu maradhi haya ni maradhi ya saa. Unga ukishaingia mwilini, kwa moshi au kwa sindano, hufika kwenye ubongo kwa muda mfupi mno, na baada ya saa nne, tano au sita taathira yake huwa imekwisha. Hapo huanza miayo, makamasi, jasho baridi, tumbo la kukata, maumivu ya mifupa na usingizi kutoweka. Hiyo ndiyo arosto, na anayeikimbia si lazima awe mtu mwovu ndipo aibe birika la mama yake. Yatosha awe na arosto na asiwe na pesa. Mtu wa kete nne kwa siku hana siku: asubuhi anatafuta, adhuhuri anatafuta, magharibi anatafuta, na usiku huamshwa na mwili wake akatafute tena. Methadoni hunywewa, hupanda polepole, na hukaa mwilini zaidi ya siku moja. Hushika mahali pale pale katika ubongo ambapo unga hushika, ndiyo maana arosto huondoka. Lakini kwa kuwa haipandi kwa ghafula, mgonjwa aliyeizoea dozi yake hapati stimu, yaani ule ulevi wa ghafula, na akivuta unga juu yake aghalabu huona amezitupa pesa zake. Dozi tunaijua kuwa imefika pale mtu anapokuwa hana arosto wala hasinzii. Basi shimo hilo la pili, Maalimu, ulipime kwa yale mtu anayoweza kuyatenda akiwa ndani yake: je, anafika kazini, anamtambua mwanawe, anakumbuka aliyoambiwa jana?

MAALIMU: Na aliyegundua haya alikuwa nani? Maana kila dawa ina historia, na baadhi ya historia zina aibu.

MUUGUZI: Dawa yenyewe iliundwa na wanakemia wa Kijerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, ikatumika kutuliza maumivu. Kuitumia kwa waraibu kulianza New York mwaka 1964, kwa tabibu Vincent Dole, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza unene na namna mwili unavyotumia chakula, na mwenziwe Marie Nyswander, daktari wa maradhi ya akili aliyekuwa amechoka kuwaona wagonjwa wake wakiacha na kurudia. Kwanza walijaribu kuwapa wagonjwa wao wachache mofini, wakaona kwamba watu wale wanakaa mbele ya televisheni wakisubiri sindano ijayo, wala hawataki jingine. Walipobadili wakawapa methadoni, mmoja alianza kuchora picha, na mwingine akaomba arudi kusoma. Mwaka 1965 walichapisha habari za wagonjwa 22. Mimi hurudi kwenye kisa hicho kila ninapokata tamaa, kwa sababu walichokishangaa matabibu wale ni kwamba mtu ghafla ana mchana mtupu mbele yake, na ameanza kuuliza aufanyie nini.

Hapa nakatiza, kwa kuwa shaka ya sharia haikujibiwa, nayo ndiyo inayozuia wazazi wengi wacha Mungu wasiwapeleke watoto wao. Mafakihi wana kanuni inayofahamika, kwamba dharura huhalalisha yaliyokatazwa, na kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Na hakuna msikiti nilioujua unaomkataza mtu aliyeungua moto au aliyepasuliwa tumbo asichomwe mofini hospitalini. Kinachoharamishwa katika kilevi ni kule kuifunika akili, ilhali dozi iliyopimwa vyema huifunua. Wala sisi si wa kwanza kuulizwa. Iran, iliyo jamhuri ya Kiislamu na jirani wa mashamba ya afyuni, hutoa methadoni kwa watu wengi mno, hata magerezani. Malaysia ilianza mwaka 2005, na kuanzia 2010 msikiti wa Ar-Rahman mjini Kuala Lumpur ulifungua mlango wake ili dawa itolewe humo pamoja na mawaidha. Wanavyuoni wa huko hawana dini nyepesi kuliko yetu. Naona, na nasema pasipo kusitasita, kwamba mwenye kuamini kuwa uhai ni amana hana budi kuanza na kuulinda uhai.

KIJANA WA SOBA: Mmezungumza kana kwamba hakuna njia nyingine, nami nimesimama mbele yenu. Nilivuta kokteli, unga uliochanganywa na bangi, kisha nikajidunga, nililala katika maskani ambazo hata mbwa huzikwepa, na siku nilipoingia soba hausi sikupewa ila maji, uji, na watu waliokwisha kupita nilipokuwa napita. Arosto ilinitesa mpaka nikaomba kufa. Baadaye ikaisha. Nikafundishwa kukiri, kuomba radhi, kulipa nilichoiba, na kuhudhuria vikao kila siku, na leo sidaiwi na dirisha la hospitali lolote. Nikienda Pemba kwa maziko nakwenda, na nikitaka kulala shamba wiki nzima nalala. Mwenzangu aliye katika methadoni hawezi. Saa moja asubuhi sharti awe katika foleni, mvua inyeshe au jua liwake, Idi na siku ya arusi ya dada yake. Tena msinipe ule mfano wa mgonjwa wa kisukari na insulini yake, ambao kila mgeni wa shirika huja nao. Mgonjwa wa kisukari hapangwi foleni kila alfajiri akatazamwa akimeza, kisha akaambiwa afungue kinywa aonekane kama amemeza kweli.

MUUGUZI: Mfano huo nami siutumii, na kuhusu foleni umesema kweli ambayo nitairudia. Lakini kabla ya foleni, nikuulize wewe unayewajua kwa majina: katika wale mlioingia soba hausi mwaka mmoja, wangapi wako hai?

KIJANA WA SOBA: (akanyamaza kidogo) Si wote.

MUUGUZI: Nawe unajua walivyokufa, kwa kuwa hawakufa wakiwa ndani. Mtu hukaa miezi minne bila unga, mwili wake ukasahau ustahimilivu wake wa zamani. Hutoka akiwa na afya, akiwa amenenepa, familia imempikia pilau. Na siku moja ya huzuni hurudi maskani, akajidunga kiasi kile kile alichokizoea, na kiasi kile sasa kinazima pumzi zake. Kujitakasa kukiwa kufupi pasipo kinga yoyote baadaye huuandaa mwili kwa kifo. Uchunguzi mkubwa uliokusanya tafiti za nchi nyingi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji 1,000 walio nje ya matibabu ya methadoni hufa kwa mwaka mmoja kama 36, ilhali miongoni mwa walio ndani hufa kama 11. Ufaransa, ilipowaruhusu madaktari wa kawaida kuandika buprenofini, dawa nduguye methadoni, kuanzia 1995, iliona vifo vya kuzidisha dozi vikipungua kwa karibu asilimia 79 kufikia 1999. Hawa si watu waliotakata, kwa kipimo chako. Ni watu walio hai, na aliye hai bado anaweza kuja kikaoni kwako.

KIJANA WA SOBA: Na wanaokunywa methadoni asubuhi, kisha wakaongeza vidonge vya valiamu na chupa ya gongo mchana? Nimewaona wakilala mbele ya lango lenu wenyewe.

MUUGUZI: Wapo, na hao ndio wanaotutisha kuliko wote, kwa sababu methadoni, valiamu na pombe vikikutana kila kimoja huizidishia mwenziwe nguvu ya kuzuia pumzi. Methadoni si maji. Wiki za mwanzo ni za hatari, ndiyo maana tunaanza na dozi ndogo na kuipandisha taratibu hata mgonjwa akitulalamikia; humfungia mtu choo, humtoa jasho, na kwa wachache huvuruga mapigo ya moyo. Dozi ya mtu mzima yaweza kumuua mtoto aliyeinywa akidhani ni sharubati. Sitaki mtu yeyote aje kwetu akidhani tunagawa baraka ndani ya kikombe.

BI MKUBWA: Niruhusuni nami, maana nyote mnazungumza juu ya mwanangu na hakuna aliyeniuliza. Nyumbani kwangu kuliuzwa masufuria, kukauzwa mlango wa chumba cha uani ukang'olewa na bawaba zake, na pete aliyoniachia marehemu baba yake sijui iko kidoleni mwa nani. Nililala nikiwa nimeshika funguo. Mara mbili nilimkuta chooni, midomo imekuwa ya buluu, sindano bado mkononi. Mara ya pili jirani alimmwagia maji na kumpiga makofi, nasi tulidhani makofi ndiyo yaliyomrudisha. Leo anakunywa dawa yake na kurudi nyumbani, anakula, anasali baadhi ya sala, anamwosha bibi yake aliyepooza. Maalimu ananiuliza kama ametakata. Mimi sijui kutakata kwenu ni nini, lakini najua kwamba usiku nalala, na funguo ziko juu ya meza.

MUUGUZI: Bi Mkubwa, makofi hayakumrudisha; ni rehema ya Mungu tu. Iko dawa iitwayo naloksoni, ya sindano au ya kupuliziwa puani, ambayo kwa dakika chache huuondoa unga mahali uliposhika na kumfanya mtu apumue; na tangu 2014 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba watu wanaoweza kushuhudia jambo kama hilo, yaani mama, mke, rafiki wa maskani, wawe na njia ya kuipata na wafundishwe kuitumia. Haina stimu, na ukimpa asiyetumia unga haimdhuru. Sioni hoja ya dini wala ya dunia inayoweza kuizuia isiwemo ndani ya nyumba kama yako.

Katika jambo hilo sijasikia barazani mtu mwenye hoja ya kuipinga, na kwa hiyo naona aibu yetu ni kubwa zaidi, kwamba jambo lisilo na mpinzani ndilo ambalo aghalabu halipatikani. Walakini liko jingine ambalo Maalimu na Kijana hawakuligusa, nalo si la mtumiaji peke yake. Uchunguzi uliofanywa Unguja mwaka 2007 uliwakuta watu kama 16 katika kila 100 wanaojidunga wakiwa na virusi vya Ukimwi, katika visiwa ambavyo kwa wananchi wote kwa jumla kiwango kilikuwa karibu na 1 katika 100 au chini yake. Na kulikuwa na desturi ya kutisha, iliyoandikwa na watafiti Dar es Salaam mwaka 2005, ya mtu aliyekwisha kujidunga kuivuta damu yake katika bomba na kumpa mwenziwe asiye na pesa ajidunge damu hiyo, wakiamini kwamba ndani yake mna unga wa kumtosha kuituliza arosto. Fikirini upendo na ufukara uliokutana katika tendo hilo. Anayekunywa methadoni hahitaji bomba la mtu. Mkewe, ambaye hajawahi kuugusa unga maishani mwake, naye anakingwa, na mtoto aliye tumboni mwa mkewe anakingwa, na hawa hawawezi kuambiwa wangoje mpaka mjadala wetu wa toba umalizike.

KARANI: Nimesikiliza mambo ya unga, lakini mimi nimezika ndugu wawili kwa pombe, mmoja kwa mbege iliyofuatiwa na gongo, mwingine kwa konyagi, nao hawakuitwa mateja, waliitwa wachangamfu. Mlevi wa pombe naye ana dirisha lake?

MUUGUZI: Analo, ingawa ni jembamba na wachache wanalijua. Kwanza, bwana Karani, jambo ambalo lazima lisemwe kwa sauti: arosto ya unga humtesa mtu sana lakini kwa nadra sana humuua, ilhali mnywaji wa miaka mingi, anayekunywa tangu asubuhi, akikatiza pombe ghafla kwa nadhiri au kwa kufungiwa chumbani na nduguze, anaweza kutetemeka, akashikwa na kifafa, akaweweseka na kuona visivyokuwapo, na akafa. Huyo ni mtu wa hospitali. Hupewa dawa za kutuliza kwa siku chache chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1, ambayo pombe huwa imemmalizia mwilini. Baada ya hapo ziko dawa za kumsaidia asirudi. Kongwe yao ni disulfiramu, ambayo Erik Jacobsen na Jens Hald wa Denmark waliitangaza mwaka 1948, nao walikuwa wakiijaribu kama dawa ya minyoo, wakaona wao wenyewe kwamba kila walipogusa kinywaji nyuso ziliwaka na moyo ukaenda mbio. Humfanya anayeinywa aogope pombe, na humfaa hasa yule mwenye mtu wa kumwona akimeza. Iko naltreksoni, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya pombe mwaka 1994, ambayo hupunguza ladha ya glasi ya kwanza na hivyo hamu ya ya pili. Iko na akamprosati. Hakuna hata moja yenye nguvu juu ya pombe kama ile ya methadoni juu ya unga, nami sitakudanganya. Lakini husaidia, na wengi wa wagonjwa wetu hawajawahi kuzisikia.

KARANI: Ndugu yangu wa pili alifungiwa chumbani. Na sisi tuliomfungia tulimpenda.

Hakuna aliyemjibu, na sidhani ilipasa ajibiwe.

MAALIMU: Narudi kwenye shaka yangu, nayo imepungua lakini haijaisha. Tuseme nimekubali kwamba ni dawa. Dawa ina mwisho. Huyu atakunywa mpaka lini?

MUUGUZI: Wengine mwaka, wengine miaka kumi, wengine mpaka wafe kwa uzee. Anayetaka kushuka tunamshusha kidogo kidogo kwa miezi mingi, tukisimama kila anapotuambia tusimame. Na ukweli ni kwamba wengi wanaoshuka haraka hurudia. Mimi sina haraka ya tarehe. Lakini Kijana alitaja foleni, na nimeahidi kuirudia. Tumeijenga kliniki kwa hofu: hofu kwamba dawa itauzwa, kwamba itanywewa na mtoto, na hofu hizo ni za kweli. Hata hivyo tumemfanya mtu aliyepona miaka mitatu aje kila siku sawasawa na aliyeanza jana. Wakati wa korona nchi nyingi ziliwapa walioimarika dozi za siku kadhaa wakae nazo nyumbani, na dunia haikuanguka. Marekani tangu 2017 imeidhinisha sindano ya buprenofini inayokaa mwezi mzima. Mgonjwa wa shamba anayepanda daladala alfajiri kila siku ya mwaka, akilipa nauli ya kwenda na kurudi, huja siku moja hana nauli. Na siku hiyo moja arosto humkuta, na maskani iko karibu kuliko sisi.

KIJANA WA SOBA: Basi hapo mimi na wewe tuko upande mmoja, maana ninachokipinga si kikombe, ni kamba iliyofungwa kikombeni.

MUUGUZI: Na nyongeza moja ambayo hata madaktari wengine huisahau. Mgonjwa wetu akiugua kifua kikuu akapewa rifampisini, dawa hiyo huifanya methadoni iishe mwilini upesi, na kadhalika efavirenzi, ambayo watu wengi wenye virusi walikuwa wakipewa kabla ya dolutegraviri. Mtu huyo huja akilalamika arosto, na asiyejua humwambia ni mwongo anatafuta stimu. Amefuata masharti yote ya hospitali mbili, na kila hospitali inamwadhibu kwa ajili ya nyingine. Anachotaka ni kuongezewa dozi tu.

Katika mjadala wote huu, neno ambalo mimi ningependa lisikilizwe kuliko yote ni lile la mchana mtupu. Tumebishana sana juu ya kile anachokunywa kijana saa moja asubuhi, kana kwamba maisha yake yote yamo ndani ya kikombe kile, na hatujabishana kabisa juu ya saa mbili, saa tatu, na saa kumi alasiri. Unga ulikuwa umempa kazi ya kutwa, ya kutafuta na kukimbia. Dawa imeiondoa kazi hiyo, na haikumpa nyingine, kwa sababu si kazi ya dawa kumpa. Atakayempa ni nani kama si sisi, wenye karakana, wenye majahazi, wenye maduka na wenye mabinti? Nimewaona watu wenye heshima wakimtukana muuguzi kwamba hamponyi mtoto wa watu, ilhali wao wenyewe hawakumtuma mtoto yule hata dukani.

BI MKUBWA: Maalimu, mwanangu aliniuliza kama anaweza kuposa. Sikumjibu, nikasema nitakuuliza wewe.

MAALIMU: Aweza kuposa. Na watu wa mke waambiwe, kwa kuwa aibu iliyofichwa katika nikaha hugeuka kuwa hiana. Wakija kuniuliza, nao wataniuliza, nitawaambia nilichokijua: kwamba alikuwa mwizi na sasa si mwizi, kwamba anakunywa dawa kila siku na akili yake ni timamu. Ningekuwa mimi ndiye walii, ningeuliza kwanza atamlisha binti yangu kwa kazi gani, kisha ningeuliza juu ya sala yake, na dawa ningeiuliza mwisho.

BI MKUBWA: Hilo la kwanza ndilo hana. Fundi seremala wa mwisho aliyemwendea alimwambia arudi atakapoacha dawa, ndipo atampa msumeno.

MAALIMU: Fundi huyo anasali wapi?

BI MKUBWA: Nyuma yako, safu ya pili.

MAALIMU: Basi kesho baada ya alfajiri nitakwenda naye mpaka karakana yake. Bi Muuguzi, niambie cha kumwambia, nisije nikamdanganya.

MUUGUZI: Mwambie kwamba dozi yake haijabadilika tangu mfungo uliopita, na kwamba ni wiki za mwanzo tu, na siku dozi inapopandishwa, ndizo ambazo mtu hapaswi kukaribia msumeno wa umeme. Mwambie atafika saa mbili na nusu badala ya saa moja na nusu, kila siku, kwa sababu yangu. Na saa hiyo anaweza kuifidia jioni. Na siku akimwona anasinzia kazini, asimfukuze wala asimpige, anipigie simu mimi.

MAALIMU: Na mwezi wa Ramadhani?

MUUGUZI: Ramadhani nitaomba kliniki ifungue baada ya futari. Niliomba mwaka jana. Ukiandika barua nawe, na khatibu mwingine mmoja au wawili wakatia sahihi zao, nitakwenda nayo mwenyewe kwa mganga mkuu.